Kipimo

Barua ya Mvumi ninaijua kwa vidole
kama ninavyoijua sindano gizani:
imekunjwa mara nne, ina muhuri wa zambarau,
na doa la mafuta ya cherehani pembeni,
kosa langu.
Daktari aliandika mistari mitatu tu.
Akae mbele. Maandishi yawe makubwa.
Kwenye mtihani aongezewe nusu saa.
Hakuomba bati. Hakuomba basi.

Mara ya kwanza nilifunga kibanda Jumatatu,
siku malori ya mahindi yanapopanga foleni Kibaigwa
na makuli wanataka suruali zishonwe wakiwa wamezivaa.
Mwalimu Mkuu alisoma, akatikisa kichwa:
"Mama Nyemo, tutalifanyia kazi."
Nikarudi nikapika mlenda kwa furaha,
maana kwangu mimi kazi ni kitu kinachoisha.

Mara ya pili barua ilikuwa haionekani.
Nikatoa kopi.
Mara ya tatu mwalimu wa darasa alikuwa amehama,
na kopi, nadhani, ilihama naye.
Mara ya nne:
"Tukimpa yeye, wenzake watasema tunapendelea."
Neno hilo likanikwama kooni kama kapi la uwele.

Nyemo wangu anasoma kwa shavu.
Analaza uso juu ya karatasi kama anayeisikiliza,
wino unambaki puani.
Ubaoni anaona ukungu wa chaki,
basi humnong'oneza Lechipya,
na Lechipya husimamishwa nje kwa kosa la kuongea.
Mtihani wa mwezi wa tatu alifika swali la kumi na saba.
Yote kumi na saba alipata.
Ishirini na matatu yaliyobaki
yakahesabiwa kuwa hajui.

Usiku ule upepo ulikuwa unang'ang'ania bati letu.
Nilimfuta pua kwa ncha ya kitenge, akasema:
"Mama, usiende tena.
Wananiita Mtoto wa Barua."

Mara ya tano nilikwenda na futi yangu shingoni.
Nikasema: Mwalimu Chidawali,
sare zote zinazopita dirishani hapo
nimezishona mimi, mia tatu na kitu.
Sijaona mbili zinazolingana.
Yule mtoto wa Mhalala, mkono wake mmoja mfupi,
nilipunguza inchi mbili; nani alisema napendelea?
Angekuja mtu aniambie, shona zote sawa, ndiyo haki,
nusu ya shule ingekanyaga pindo,
nusu nyingine ingeshindwa kufunga vifungo.

Akatabasamu. Akaanza: "Tutali..."

Nikainuka nikasukuma mlango, nikashusha sauti.
Na suti yako, Mwalimu.
Ile ya kijivu, ya mahafali.
Bega lako la kushoto limeshuka
tangu ile ajali ya pikipiki, Pandambili.
Ndani ya bitana niliweka sponji, unene wa kidole.
Hukuniletea muhuri.
Hukuniambia hata neno.
Nilikuona tu ulivyosimama.

Nje waligonga rimu, watoto wakamwagika uani.
Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe hadi begani,
ukakaa hapo kidogo,
ukashuka, ukafungua droo.
Barua zangu zilikuwa humo. Zote mbili.

Wiki hii Nyemo amekaa mbele.
Lechipya amehamishiwa dawati moja naye,
jambo ambalo barua haikuliomba.
Karatasi bado ni zile zile, herufi kama sisimizi.
Muda wameongeza dakika kumi.
Nimeandika tarehe kwenye daftari la madeni,
chini ya jina la shule.

Jumatatu ninafunga kibanda tena.
Makuli wameshazoea:
wananiachia suruali mlangoni, zimekunjwa,
kila moja na kikaratasi chake,
jina, kiuno, urefu.